Oili Iliyoteleza Kupita Kiasi

Mimi ni mkamuaji wa alizeti. Shule niliishia darasa la saba, na tangu hapo nimefanya kazi kwenye mashine ya kukamulia iliyoko nje kidogo ya Mtinko. Kazi hii humfundisha mtu mafuta. Ukiniletea chupa, nitaiinua kwenye mwanga nione kama ina ukungu. Kisha nitaweka tone kati ya kidole gumba na cha shahada, nisugue polepole. Mafuta mazuri yanang'aa na yanateleza. Yakinata, mbegu iliungua au yamekaa sana. Watu huniletea mafuta waliyonunua kwingine ili niseme neno, na neno langu halikosei. Siandiki haya kwa kujisifu. Ndiyo njia niliyopita kulifikia kosa langu.

Mke wangu alikuwa na pikipiki ya matairi manne. Ilikuwa mali ya mradi wa visima uliokaa kwetu miaka kadhaa. Yeye alikuwa mpishi wao, na mradi ulipofungwa wakauza vitu vyao, wenzake wakagombea magodoro na masufuria, yeye akachagua hiyo. Watu waliiita Chura, kwa jinsi ilivyochuchumaa na miguu imepanuka. Naye wakamwita Mama Chura.

"Mama Chura, leo unaruka kwenda wapi?" walimuuliza pale kwenye mashine alipoleta magunia ya watu.

"Naruka kwenda kwa mama yangu. Wewe baki uisukume baiskeli yako, utafika Pasaka."

Hakuwa akizima injini ili ajibu. Alijibu akiwa anaondoka.

Mama yake anakaa ng'ambo ya korongo. Wakati wa kiangazi korongo letu ni mchanga mtupu, mpana, unaomeza matairi ya gari dogo mpaka tumbo lilale chini. Masika mvua ikinyesha milimani, maji yanashuka na kufunga njia hata kama kwetu jua linawaka. Daraja hakuna. Mama mkwe wangu ana magoti yaliyovimba, na safari yake ndefu kwa miguu ni kutoka kitandani mpaka kivuli cha ghala. Kwa hiyo Chura ndiyo iliyokuwa miguu yake, kliniki, kanisani, na kwetu kuwaona wajukuu. Dereva alikuwa binti yake. Mimi sikuwahi kumpakia, na isingewezekana. Kwetu mkwe na mama mkwe hawakaribiani. Hamkai mkeka mmoja, hampeani mkono, na ukimwona anakuja unaiacha njia, unasimama pembeni ukiangalia chini mpaka apite. Kiti cha Chura ni kimoja. Anayepakiwa lazima amshike dereva kiunoni.

Mke wangu alifariki mwezi wa kwanza. Ugonjwa wake sitaueleza. Alipokuwa amelala, hakuna aliyeigusa Chura, ilikaa nyuma ya nyumba, kuku wakilala juu yake.

Siku ya maziko, asubuhi, mdogo wake wa kiume, ambaye ni shemeji yangu na anafanya kazi Dodoma, alisema atakwenda kumchukua mama yao. Nikasema ngoja kwanza niiangalie. Nilichomoa kijiti cha kupimia oili kama nilivyokuwa nikimwona mke wangu akifanya. Oili ilikuwa nyeusi na imeshuka. Nikaona aibu, maana yeye hakuwahi kuiacha ifike hapo. Mmoja wa waliokuja na gari dogo kutoka mjini akaniona nimechuchumaa, akaenda kwenye buti, akarudi na galoni mpya.

"Chukua hii, kaka. Nilinunua kwa ajili ya gari langu, lakini msiba ni wetu sote. Hiyo ni ya kisasa, magari mapya yote yanakunywa hiyo."

Nilifungua. Niliimimina kidogo kwenye kifuniko, nikainua kwenye mwanga. Ilikuwa ya njano safi kama mafuta ya mkamuo wa kwanza. Nikaweka tone kati ya vidole. Maisha yangu yote sijawahi kushika kitu kinachoteleza namna ile. Vidole vilipishana kana kwamba havijagusana. Nikasema moyoni, hii ndiyo inayomstahili. Nikamwaga ile nyeusi yote, nikajaza ile ya njano.

Shemeji akaondoka nayo. Alikwenda vizuri, kwa kuwa alikuwa peke yake. Wakati wa kurudi, akiwa na mama yake na mfuko wa nguo, waliingia kwenye mchanga wa korongo na Chura ikasimama. Injini ilinguruma lakini matairi hayakuzunguka. Alipoongeza moto, ikapiga kelele zaidi na kutoa harufu ya kuungua. Chini kule simu haishiki. Ilibidi apande ukingo ndipo anipigie.

"Shemeji, Chura inalia tu, haiendi. Mama nimemkalisha kwenye mchanga."

Nikamwambia atafute mkokoteni wa ng'ombe ng'ambo ile. Akasema ng'ombe wako malishoni, watafuatwa. Saa zikasogea. Mawingu yalikuwa yanajikusanya upande wa milima, na wageni wa mjini walianza kuangalia magari yao. Mchungaji alikuwa na maziko mengine. Akanivuta pembeni, akaniuliza kwa upole, "Tumsubiri mama, au tuendelee?"

Watu wote walikuwa wananiangalia mimi.

Nikasema, "Tuendelee."

Mkokoteni ulipomfikia mama mkwe, shemeji alikuwa tayari amepata habari kwamba tumeshafukia. Akamwambia. Yeye akasema, "Basi nirudisheni nyumbani." Walimrudisha juu ya mkokoteni, na Chura ikavutwa na ng'ombe siku ya pili yake.

Baada ya hapo kijiji kilitafuta mwenye kosa, kama kawaida, na kikampata kwa urahisi. Shemeji ni mtu wa mjini, anajua bodaboda tu. Ameichoma klachi. Walimtania mbele yangu pale msibani, wakimwambia mjini amejifunza kukaa kwenye pikipiki, kuendesha bado. Yeye aliinamisha kichwa, na alipoaga kwenda Dodoma aliniambia, "Nisamehe shemeji, nimekuharibia mashine ya dada." Nikamwambia nimesamehe. Nilimsamehe kweli, tena nikajiona mwema.

Arobaini ilipokaribia, tulipanga kuweka msalaba wa mbao ya mninga mahali pa kijiti kilichochomekwa kaburini siku ya maziko. Nikatuma mtu kwa mama mkwe kuuliza atakuja vipi. Mjumbe alirudi na jibu: "Ametuma salamu. Anasema atakuja kwa Chura, kama binti yake alivyokuwa anamleta. Kwa mkokoteni haji tena, yeye si gunia."

Ndipo nikaenda Singida mjini, kwenye duka la spea ambalo nilijua mke wangu alikuwa akinunua vitu. Mwenye duka ni mama wa Kiislamu, wa makamo, duka ameachiwa na baba yake. Nilimweleza ninataka oili ya pikipiki ya matairi manne, nikamwelekeza rafu ya juu, kwenye galoni iliyofanana na ile niliyopewa msibani.

"Nipe ile. Ndiyo niliyoweka mara ya mwisho, lakini nadhani iliungua pamoja na klachi."

Akageuka akaniangalia vizuri. "Ya matairi manne? Za namna hiyo huku zinahesabika. Wewe ni nani wake yule dada wa Mtinko, mrefu, anayecheka sana?"

"Ni mke wangu. Tumemzika mwezi wa kwanza."

Akaweka kalamu chini. "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Pole, kaka yangu. Nilikuwa nashangaa kimya chake." Akauliza polepole, "Na umesema uliweka ile ya juu?"

"Ndiyo."

"Kaka, ile ni ya gari. Klachi ya gari iko kavu, mbali na oili. Ya pikipiki inaogelea humo humo kwenye oili ya injini. Oili ya gari ya siku hizi wanaitia dawa ya kuteleza ili gari linywe petroli kidogo. Ukiiweka kwenye pikipiki, zile sahani za klachi zinashindwa kushikana. Injini inazunguka, tairi limesimama. Hasa ukibeba mzigo kwenye mchanga."

Nilimwambia niliipima kwa vidole, na ilikuwa nzuri kuliko zote.

"Kwa vidole?" Alicheka, akajizuia kwa sababu ya msiba wangu. "Wewe ni wa alizeti, nimekumbuka, aliniambia. Hii huipimi kwa vidole, la sivyo wote tungekuwa tunalamba makopo hapa."

Akanitolea kopo dogo, akaligeuza nyuma na kuweka ukucha chini ya herufi mbili, M na A. Alisema herufi hizo maana yake klachi yenye oili itashika. Kisha akanionyesha namba mbele, ishirini na hamsini, akasema kwa joto letu na injini iliyochoka inafaa, isiwe nyepesi kama maji. Akaniambia niweke, niendeshe kidogo, niimwage, niweke nyingine, kwa sababu ile ya gari itakuwa imebaki kwenye pembe.

"Mkeo alikuwa akiingia hapa hasalimii kwanza," alisema. "Anageuza kopo nyuma, anasoma, ndipo ananiambia hujambo."

Nilitoka nje ya duka, nikasimama juani na makopo mkononi. Nyumbani kwangu tunalo kopo la namna hiyo hiyo, tupu, limekatwa juu. Tunachotea mahindi ya kuku. Nimelishika kila asubuhi, herufi zikiwa ndani ya kiganja changu.

Nilimpigia shemeji kabla sijapanda gari la kurudi. Nilitaka nimwambie kabla sijajitungia maneno mazuri.

"Shemeji, hukuchoma klachi. Ni mimi. Niliweka oili ya gari."

Kisha akasema, "Mimi nimetaniwa mpaka na watoto, shemeji. Wananiita Dereva wa Ng'ombe."

"Najua. Nitawaambia wote."

"Waambie. Anza na yule mzee wa kinu cha kusaga unga, ndiye aliyenibatiza jina hilo." Kisha sauti ikabadilika. "Lakini mama ndiye wa kumwambia. Mimi sitaweza kuja arobaini, ruhusa ya msiba walinipa moja tu. Utamtafutia dereva."

Fundi wa kwetu aliifungua klachi akabadilisha sahani zilizoungua. Oili ya gari niliimwaga mwenyewe kwenye beseni. Haikuwa ya njano tena. Kwetu oili chafu haitupwi, tunapaka nguzo ili mchwa wasile. Nilikuwa na nguzo moja tu ya kupaka. Niliuchukua ule msalaba wa mninga, nikaulaza kwenye mawe, nikapaka sehemu ile itakayoingia ardhini, nikisugua kwa kitambaa mpaka mbao ikanywa yote. Nilijisikia vibaya sana, kumpa kitu hicho. Lakini mchwa wa kwetu ni wengi, na nyingine sikuwa nayo.

Dereva sikumpata. Vijana wa bodaboda waliiogopa Chura, na mama mkwe alituma tena neno kwamba hapandi na mtu asiyemjua. Siku yenyewe nikaenda mimi, nikiamini huko ng'ambo atakuwepo ndugu yao yeyote wa kushika usukani nami nirudi kwa miguu. Hakukuwepo. Alikuwepo yeye tu na mpwa wake wa kike, wamekaa kwenye kivuli cha ghala, yeye amevaa nguo nyeusi na kitenge kipya kimekunjwa magotini. Nilizima injini mbali nao. Nikasimama nikiangalia chini.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mkwe. Dereva yuko wapi?"

"Sikupata, mama. Nilidhani huku..."

"Huku kuna mbuzi." Nilisikia fimbo yake ikichora kwenye udongo. "Hiyo karia ya nyuma inabeba magunia mangapi?"

"Mawili, mama."

"Mimi sifiki hata moja na nusu. Geuka uangalie unakokwenda, nami nitaangalia ninakotoka."

Mpwa wake akakunja blanketi juu ya karia, akamsaidia kupanda, akamzungushia kitenge kiunoni na kukifunga kwenye vyuma. Mimi nilikuwa nimekaa mbele, macho kwenye taa, bila kugeuka hata kidogo. Nilipoisikia Chura imeshuka kidogo nyuma, nilijua amekaa. Kati ya mgongo wangu na wake kulikuwa na nafasi ya kupitisha mkono. Hatujawahi kuwa karibu vile, na hatukuvunja kitu.

Tulikwenda taratibu. Kwa kuwa hakuna aliyeuona uso wa mwenzake, niliweza kusema. Nilimwambia kabla ya kufika korongoni, kwa kuwa nilitaka ajue amepanda mashine ya nani.

"Mama, siku ile kosa halikuwa la mwanao. Niliweka oili isiyofaa. Niliichagua mimi, niliona ni nzuri."

Nilidhani hajasikia kwa sababu ya mngurumo. Nikarudia.

"Nimesikia," alisema. "Mashine ni mashine, baba. Hata binti yangu iliwahi kumlaza porini. Mimi sikulia kwa sababu ya mashine." Tukapita kwenye shimo, akasubiri tuvuke. "Nilikaa kwenye mchanga ule nikasema, hata ikifika jioni, watanisubiri. Hata ikifika kesho. Mkwe wangu ni mtu mpole, atawaambia wasubiri."

Tangu siku ile dukani nilikuwa nimebeba kosa la oili, nimelisema kwa shemeji, nimelisema kwenye kinu, nimelisema mashineni mpaka watu wakachoka kunisikiliza. Nilikuwa nimelipenda, naweza kusema. Lilikuwa kosa la kutojua, na mtu anaweza kusamehewa kutojua. Lile neno moja nililomjibu mchungaji nililijua vizuri nilipolisema. Niliwaonea haya wageni kuliko nilivyomhurumia yeye.

"Niliulizwa, mama," nilisema. "Niliulizwa nikasema tuendelee."

"Najua. Niliambiwa."

Tukaingia kwenye korongo. Maji yalikuwa kijito chembamba upande mmoja, kwingine mchanga mkavu. Nikarudisha gia ya kwanza, nikaongeza moto kidogo kidogo kama alivyokuwa anafanya mke wangu. Nilisikiliza kwa masikio na kwa makalio. Injini ilinguruma, na mara hii matairi yakajibu. Yaliuma mchanga, yakaurusha nyuma, tukawa tunapanda ukingo bila kusitasita, mzigo wote huo, hakuna harufu ya kuungua. Nilifurahi. Nilifurahi kama mtoto, na kwa muda wa kupanda ukingo ule nilisahau tunakwenda wapi. Kisha nikakumbuka nikaona haya, nikashukuru kwamba amenipa mgongo.

Nyumbani watu walikuwa wamejaa, msalaba umeshachimbiwa. Niliipeleka Chura mpaka karibu na kaburi, wanawake wakamfungua, wakamshusha, wakamkalisha kwenye kigoda. Mimi nikasogea mbali kama inavyotakiwa, nikasimama upande wa pili wa Chura. Mchungaji alisali, tukaimba, na watu wakaanza kwenda kwenye chakula. Mama mkwe alifungua pindo la kitenge, akatoa udongo mwekundu aliokuja nao kutoka kwake. Kaburi lilikuwa limeshafunikwa zamani, hakukuwa na shimo la kutupia. Akauweka juu, akaupapasa kwa kiganja mpaka ukachanganyika na wetu. Kisha akabaki ameinama pale pale.

Alikaa sana. Wali ulipakuliwa, ukaliwa. Upande wa milima wingu lilikuwa limesimama, chini yake kweusi. Jirani yangu mmoja akanijia.

"Mwambie bibi mwende. Ile mvua ikishuka korongoni hamvuki leo, na huyu kwako hawezi kulala, ni mkweo."

"Naiona."

"Basi kamwambie."

Wengine wawili walikuwa wameacha kula, wananiangalia. Niliinama nikachomoa kijiti cha oili, nikakifuta, nikakirudisha, nikakichomoa tena. Ilikuwa kwenye alama.

"Tunasubiri," nilimwambia.

"Mpaka lini?"

Nikakirudisha kijiti mahali pake nikakikaza. Mama mkwe alikuwa bado amenipa mgongo, kiganja juu ya udongo. Nikakaa chini kwenye kivuli cha tairi.